Habari za Benchi la Mlangoni

Tata Ambokile,

Mvua haijaacha kunyesha hapa Lufingo tangu tukuzike, na nina hakika wewe unaisikia vizuri kuliko sisi. Migomba iliyo juu ya kaburi lako imeshika. Mama Subilaga, mkeo, haruhusu mtu mwingine aipalilie. Anasema ulimwachia kazi nyingi ulipokuwa hai na hakuna sababu ya kumpumzisha sasa.

Nakuita tata, baba, kama kanisa zima lilivyokuita, ingawa mimi si wa uzao wako, na sura yangu, kwa maneno yako mwenyewe, ilitosha kuthibitisha hilo. Walinivisha kazi yako kabla matanga hayajaisha. Mwinjilisti Gwamaka. Jina lenyewe kwa Kinyakyusa ni mtu wa nguvu, nawe ulikuwa ukicheka kila ukiniona nikihema kwenye kilima cha kanisani. Bado nahema. Tofauti ni kwamba sasa nikifika juu wananisubiri mimi.

Cherehani yangu ingali pale barazani Msasani, ile Msasani yetu ya Tukuyu, lakini sishoni tena nguo, nazipunguza tu. Marobota ya mitumba yanafunguliwa Tukuyu kila siku ya soko, na suruali zinazotoka humo zilishonewa watu wenye miguu ya twiga. Nakata, nakunja pindo, napiga uzi. Nilijifunza ufundi nikidhani nitawavisha watu wa kwetu, kumbe kazi yangu ni kuwafupisha Wazungu waliokwisha kuvua. Usinicheke. Au cheka tu, maana kicheko chako ndicho kitu ninachokikosa zaidi nikiwa pale barazani, hasa saa za alasiri ulipokuwa unapita na mwavuli wako uliovunjika mbavu, unakaa kwenye kile kigoda cha wateja na kunifundisha Maandiko huku mimi nikitafuta sindano.

Ni pale uliponiambia kwamba Neno ni kitambaa kimoja na kila serikali inakuja na futi yake ya kupimia. Nilidhani unanifurahisha tu kwa sababu mimi ni fundi nguo. Sikujua kwamba unanionya.

Ulikuwa ukihadithia ulivyosikia kwa baba yako: enzi za Wajerumani somo lililopendwa lilikuwa la Paulo, lile la kuwatii wenye mamlaka, na lilikuwa likisomwa huku askari amesimama nje na kiboko. Walipokuja Waingereza somo halikubadilika, alibadilika askari. Msimu wa kodi ukifika, Paulo naye anafika. Chifu, malafyale wetu, akachongewa kiti cha mikono, kikawekwa mbele kabisa, kando ya mimbari, ili watu wakimsikia Paulo wawe wanamwangalia yeye. Halafu ukaja wakati wa kudai uhuru, na ghafla kila mhubiri akakigundua kitabu cha Kutoka, kana kwamba kurasa zake zilikuwa zimegandishwa kwa gundi. Farao akapata lafudhi ya Kiingereza. Musa akapata kadi ya chama. Machifu walipoondolewa, kiti hakikuondolewa. Akakikalia mwenyekiti wa chama. Nakumbuka ulivyosema, na ulisema wewe, si mimi: "Kiti kilekile, makalio mapya."

Wakati wa ujamaa tukasoma habari za kanisa la kwanza, wale waumini waliouza mashamba yao na kuwa na vitu vyote kwa pamoja. Katika miaka ya foleni za sukari na sabuni tukasoma habari za jangwani, kwamba wana wa Israeli waliolalamika walikosea. Kisha mipaka ikafunguliwa, maduka yakajaa, ada za shule zikarudi, kila kitu kikawa ruksa, na Neno nalo likapata mwelekeo wa biashara. Vyama vingi vilipoingia, wazee wa chama tawala wakataka tuhubiri juu ya nyumba iliyofitinika, vijana wa upinzani wakataka yale makabila kumi yaliyomkimbia mtoto wa Sulemani kwa sababu ya ukali wake. Wewe ulihubiri habari ya Nuhu. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Angalia hii mvua, Gwamaka. Hapo hakuna mtu atakayenishitaki."

Lakini kuna jambo moja ulilolifanya ambalo sikukuuliza, nalo ndilo lililonifanya nikae chini kukuandikia.

Kila Jumamosi alasiri ulikuwa ukiingia kanisani peke yako na Biblia, unakaa kwenye benchi la mwisho, lile la mlangoni, na kulisoma somo la kesho kwa sauti. Lile benchi halina mtu anayelipenda. Mvua ikipiga kutoka upande wa Mlima Rungwe, inaingia mlangoni na kumlowesha anayekaa hapo mpaka magotini. Wanakaa hapo waliochelewa, wajane, na wale ambao hawana kitenge cha kuvaa mbele za watu. Sisi wanafunzi wako tulidhani unajaribu sauti, kuona kama inafika mpaka nyuma. Nami nilikuwa nikijisifu kwamba yangu inafika bila majaribio, nawe ukisema haifiki.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Asegelile unamfahamu, umembatiza. Yule mtoto wa Lufingo aliyeanza kwa kubeba mikungu ya ndizi kichwani kwenda kuuza Kiwira, na sasa ana lori lake linalopeleka ndizi Dar es Salaam. Kiti cha mikono ni chake siku hizi. Hakuna aliyempa, alikikalia tu siku moja na hakuna aliyeona ajabu. Si mtu mbaya. Alilipia jeneza lako, tata, na hakutaka lisemwe. Naye ameliomba bonde.

Unajua ni bonde gani. Lile la chini ya kanisa, lililokuwa shamba la kijiji. Shamba la kijiji lilipokufa, wajane waliteremka kimyakimya na majembe yao, kila mmoja akalima kipande, magimbi, maharage, viazi. Mkeo ana kipande pale. Ndicho kinachomlisha, kwa sababu mwinjilisti, kama ninavyojifunza sasa, analipwa kwa salamu. Asegelile alitaka bonde lote apande chai. Na kwa wema wake akaahidi kanisa mabati mapya.

Mabati yetu unayajua. Kuna tundu juu ya mimbari ambalo nashuku linamfuata mhubiri.

Mkutano wa kijiji ulipangwa Jumatatu. Wiki hiyo wazee wa kanisa wakanifuata Msasani, wakakaa kwenye kigoda chako kwa zamu, na mmoja wao, unayemjua kwa kukohoa kabla ya kuomba kitu, akakohoa.

"Mwinjilisti, Jumapili utuhubirie habari ya talanta."

Nikasema hilo ni somo zuri.

"Hasa yule mtumwa wa tatu," akasema. "Yule mvivu aliyefukia mali ardhini. Watu waelewe kwamba bonde limefukiwa. Maharage si maendeleo."

Nikajibu, "Nimeelewa, wazee wangu." Unanijua. Mimi ni mtu anayekubali kwanza halafu ndipo anafikiri.

Jumamosi nikapanda kilimani na Biblia. Nilitaka kusimama mimbarini nipime maneno, lakini tundu la bati lilikuwa linamwaga, nikarudi nyuma hatua kwa hatua nikitafuta pakavu, mpaka nikajikuta nimekaa kwenye benchi la mlangoni, ambako hapakuwa pakavu vilevile. Nikasoma hapohapo kwa sababu nilikuwa nimechoka kuhama. Upepo ulikuwa unaingia. Suruali yangu ya mtumba, niliyoipunguza kwa mikono yangu, ililowa kuanzia kwenye pindo.

Nimelisoma lile somo maisha yangu yote. Siku zote nililisikia nikiwa upande wa bwana mwenye mali, nikimshangaa mtumwa yule mpumbavu. Kwenye benchi lile, tata, masikio yangu yakaenda kwingine. Nikasikia mtumwa anamwambia bwana wake usoni kwamba anamjua, ni mtu mgumu, anavuna mahali ambapo hakupanda. Na bwana hakukana. Nikainua macho. Mlango ulikuwa wazi, na kupitia mlango huo, kutoka kwenye benchi hilo tu, unaliona bonde lote. Mahali pengine popote kanisani unaona ukuta, au kisogo cha mwenzako. Pale unaona maharage yalivyochanua.

Mama Subilaga akaja kufagia. Aliponikuta akasimama na fagio mkononi.

"Hilo ni benchi la mzee wangu," akasema.

Nikamwambia najua, nilikuwa najaribu sauti kama wewe.

Akaniangalia kwa namna ile anayomwangalia mtu aliyevaa fulana nje ndani. "Sauti? Nani kakwambia? Yule hakuwa anajaribu sauti, mwanangu. Alikuwa anaomba radhi."

Akakaa upande wa pili wa benchi, fagio kati ya magoti, akanieleza ambalo hukunieleza wewe kwa miaka yote tuliyokaa pamoja. Kwamba mwaka wa kuunganisha mashamba, mama yako mdogo, Bibi Tupokigwe, alikuwa na migomba yake katika bonde lile na hakutaka kuitoa. Kwamba mwenyekiti wa chama alikuomba neno, nawe ukampa Anania na mkewe, wale waliozuia sehemu ya mali yao na wakaanguka wakafa. Ulihubiri vizuri, anasema, watu walilia. Ulikuwa kijana na uliamini, anasema, kila neno. Jioni ile Bibi akaenda mwenyewe kusema bonde lichukuliwe. Migomba ikang'olewa. Jumapili iliyofuata hakurudi mahali pake mbele pamoja na akina mama wenzake. Akakaa kwenye benchi la mlangoni, akakaa hapo mpaka alipokufa, na hakukulaumu hata siku moja. Alikuwa akikusalimia, "Ugonile, mwanangu," umelalaje, kama kawaida. Ulipoanza kwenda kukaa pale siku za Jumamosi, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Tata. Mbona hukuniambia?

Nimekasirika kidogo, nikuambie ukweli. Si kwa ajili ya Anania. Ni kwamba nilikuona umezaliwa na hekima yako, nami nikakata tamaa mapema ya kuwa nayo. Kumbe uliipata kwa kulowa, kama mimi.

Lakini ni nani mimi wa kukusuta? Ulimsikia mwenyekiti kwa sababu alichosema kilifanana na haki, na kwa kweli kilikuwa na haki ndani yake. Watu kugawana, nani atalipinga hilo? Na Asegelile naye anasema watu wafanye kazi, mali izae, nani atalipinga? Hawa hawatuletei uongo, tata. Wangetuletea uongo tungeutambua kwa harufu. Wanatuletea aya ya kweli na kutuonyesha pa kuanzia na pa kuishia.

Jumapili nikapanda mimbarini nikiwa sina mahubiri. Mvua ilikuwa kubwa, unajua inavyopiga bati mpaka mhubiri anabaki kuchezesha midomo. Wazee wamekaa wamekunja mikono. Asegelile kwenye kiti chake, amevaa koti ambalo, nikujulishe, mikono yake niliipunguza mimi. Nikafungua somo. Kisha nikafunga. Nikamwambia, mbele ya watu wote, kwamba kabla hatujasoma namwomba akakae kwenye benchi la mlangoni, asikilizie huko.

Watu wakageuka. Asegelile akatabasamu kama mtu anayetaka kujua utani unaishia wapi.

"Mwinjilisti, unanishusha cheo?"

"Hapana, ndugu yangu. Nakupa mahali pa marehemu."

Hilo nalo halikuwa la kupanga. Lakini walikuwa wanakufahamu, na wengi waliwahi kukuona pale. Akainuka. Alitembea ile njia ya katikati polepole, viatu vikilia, akakaa kati ya Mama Subilaga na mjane mwingine. Nikasoma mfano wa talanta kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ninayojisifia, na safari hii ilinibidi nipige kelele kweli kwa sababu ya mvua.

Nilipofika kwa mtumwa wa tatu, upepo ukageuka. Nikaona maji yanaingia mlangoni na kumpiga Asegelile miguuni, viatu vile vya kung'aa. Hakuwa anajua kwamba pale watu huinua miguu. Na Mama Subilaga, bila kumwangalia, macho yake yapo mbele kwangu kama anavyotakiwa msikilizaji mwema, akavuta upande wa kitenge chake akamfunika magoti.

Nilisoma mpaka mwisho. Sikueleza kitu. Nilisema tu, "Mkitoka, kila mmoja asimame mlangoni atazame bondeni, aone nani alipanda." Kisha nikaomba, tukaimba.

Jumatatu mkutanoni mzee wetu wa kukohoa alisimama kulitetea ombi. Asegelile akamkatiza. Akasema hajaondoa ombi lake, watu wasimshangilie bure. Ila anataka wale wanaolima bonde waseme wao kwanza, kwa vinywa vyao. Wajane hawajawahi kuulizwa kitu katika mkutano wa kijiji, wakawa wanasukumana. Mwisho Mama Subilaga akasimama. Alisema maneno machache. "Mara ya kwanza tulilitoa kwa sababu ya Neno. Safari hii naomba Neno lituache tulime." Akakaa.

Bonde limebaki kwa wanaolilima. Kwa sasa. Mimi si mtoto, najua mvua nyingine italeta mtu mwingine na aya nyingine. Asegelile kapata shamba upande wa Kiwira, anapanda chai yake huko. Mabati hayakuja. Mzee wa kukohoa hunisalimia kwa kichwa tu, na hilo tundu la juu ya mimbari limepata mdogo wake.

Na sasa utacheka. Wiki ile ile vijana wa upinzani wakanifuata barazani, wakanisifu, wakasema mimi ni mwinjilisti wa mageuzi, wakaniomba nikawafungulie mkutano wao wa hadhara kwa somo lilelile. Walikuwa na futi mkononi, tata, mpya kabisa, bado inanuka duka. Nikawaambia mimi ni fundi wa kupunguza tu. Wakaondoka wamenuna. Baadaye likavuma mjini kwamba nimenunuliwa na chama tawala. Kwa hiyo sasa nina vyama viwili, na hakuna hata kimoja kilichonipa kofia.

Ombi lile la vijana lilinitia hofu, nikwambie. Kwa sababu nililipenda. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai nilijiona nimesimama juu ya lori, watu wamejaa, nami nawapigia ule mstari wa bwana anayevuna asipopanda, na watu wananyanyua ngumi. Ningehubiri vizuri. Watu wangelia. Ndipo nikakukumbuka ukiwa kijana.

Jumamosi iliyofuata nilikaa kwenye benchi la mlangoni, kisha nikajilazimisha kwenda kukaa kwenye kiti cha mikono. Sikuwahi kukaa pale. Nikasoma somo la kesho. Unajua nini kinaonekana kutoka kwenye kile kiti? Hakuna. Mimbari tu, na uso wa mhubiri, na watu wote wako nyuma yako. Mtu anaweza kukaa pale miaka akidhani yuko kanisani peke yake na Mungu, na mhubiri anamchekea yeye. Nilimhurumia malafyale, nikawahurumia wenyeviti, na Asegelile. Nilijihurumia mimi pia, niliyewachekea.

Asegelile hajarudi kwenye kile kiti. Anakaa benchi la katikati, upande wa wanaume, na hakuna aliyemwambia. Kiti kipo hapohapo. Mtoto wa mtu atakikalia, nasubiri kuona ni wa nani.

Niende sasa, mteja ananisubiri barazani na suruali ya jitu. Lakini nikuahidi jambo moja, na Mama Subilaga ni shahidi, nimemwambia akanicheka. Kila Jumamosi, maadamu miguu yangu inapanda kile kilima, nitakaa kwenye benchi lako kabla ya kufungua mdomo. Na wakija watu na aya nzuri, wakikohoa au wakishangilia, nitawaomba tuende tukaisome pamoja pale mlangoni, mvua ikinyesha. Asiyetaka kulowa, na abaki na aya yake.

Mwambie Bibi Tupokigwe, kama mnakaa karibu huko, kwamba maharage ya bondeni yamekomaa. Mkeo ameniletea kapu. Wajane wamepanda migomba pembeni ya kijito, pale mkeo anaposema migomba ya Bibi ilikuwa. Nadhani huko hakuna benchi la mlangoni. Lakini kama lipo, najua ni nani amekaa hapo pamoja naye, na magoti ya nani yamefunikwa.

Ndaga fijo, tata. Asante kwa kunionya, hata kama ulinionya kwa mafumbo kwa sababu uliogopa kuniambia. Ugone kanunu. Lala vyema. Sauti yangu haifiki mpaka nyuma, ulikuwa sahihi, ndiyo maana nimehamia benchi la mlangoni.

Mwanafunzi wako anayehema,

Gwamaka